Boeing XB-15: umbo la Scania, injini ya Noah

Kwa mwenye haraka: XB-15, ndege ya majaribio ya kudondosha mabomu ambayo Boeing waliijengea jeshi la Marekani miaka ya 1930, ni ndege nzuri iliyofungwa injini ndogo. Bawa lake ni la kupigiwa mfano, umeme wake ulikuwa mbele ya wakati wake, watu wake walilala kitandani na kula chakula cha moto angani. Ila ukikanyaga mafuta, haiendi. Ilijengwa moja tu, nambari 35-277, na ya pili haikufuata. Kama ndege ya kudondosha mabomu naipa alama mbili kati ya tano. Kama lori la angani naipa nne bila kusita, na jeshi lenyewe lilikuja kuitumia hivyo baada ya miaka kadhaa ya kuizungukazunguka.

Huwezi kuisema nguo imebana au imepwaya kabla hujajua vipimo vya aliyeishonesha. Mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani lilitaka ndege ya kubeba tani moja ya mabomu kwa maili 5,000, yaani kilomita 8,000 na kidogo, kwa mwendo wa maili 200 kwa saa, ambazo ni kilomita 322. Hoja iliyopelekwa kwa wenye fedha ilikuwa ulinzi: ndege iondoke bara na kufika Hawaii, Alaska au Panama bila kutua njiani. Kampuni mbili zilichora. Ya Martin, XB-16, iliishia kwenye karatasi. Boeing wakapewa mkataba wa kujenga ndege moja mwaka 1935. Kiwandani iliitwa Modeli 294, jeshini ikaanza kwa jina la XBLR-1, kisha ikawa XB-15. Iliruka mara ya kwanza Seattle tarehe 15 Oktoba 1937, Eddie Allen akiwa kwenye usukani.

Na angalia tarehe hiyo. Modeli 299 ya Boeing hao hao, ambayo ndiyo iliyozaa ndege ya mabomu ya B-17, ilianza kuchorwa baada ya hii na ikaruka Julai 1935. Mdogo alitangulia kutoka nyumbani kwa zaidi ya miaka miwili. Mteja aliyekuja kuipokea XB-15 alikuwa tayari ameshaonja kitu chenye kasi zaidi, na wala hakuwa na sababu ya kuvumilia.

Ukubwa wake: mabawa mita 45.4 toka ncha hadi ncha, urefu mita 26.7, eneo la mabawa mita za mraba 258. Ikiwa tupu ina kilo 17,105. Ikipakiwa kamili, kilo 32,072. Tofauti ya hapo ni karibu tani 15, na hizo tani 15 ndizo utakazogawa kati ya mafuta, oili, watu, bunduki na mabomu. Kwa miaka ile hilo ni tela kubwa mno. Hapa Boeing hawakudanganya mtu: uzito uliobaki kwa ajili ya mzigo unakaribia uzito wa ndege yenyewe, na kwa muundo wa chuma cha miaka ya 1930 hiyo ni kazi ya fundi anayejua anachofanya.

Sasa tufike kwenye injini, maana ugonjwa uko hapo.

Mwenye lori akitaka kujua kama gari litapanda mlima na mzigo, anagawa uzito kwa nguvu. Tufanye hivyo hivyo. XB-15 ina injini nne za Pratt & Whitney Twin Wasp, za kupozwa kwa hewa, kila moja silinda 14 zilizopangwa duara mbili, ujazo wa lita 30. Wakati wa kuruka kila moja hutoa nguvu farasi 1,000; baada ya hapo, kwa kazi ya kuendelea, ni 850. Kwa hiyo ikiwa na uzito kamili, wakati wa kuruka kila nguvu farasi moja inasukuma kilo 8. Ukishapunguza gesi hadi kiwango cha kuendelea, kila nguvu farasi inasukuma kilo 9.4.

Peke yake namba hiyo haikwambii kitu, kwa hiyo tuipange na za jamaa zake. Modeli 299, hata ikipakiwa hadi kikomo, ilikuwa chini ya kilo 6. Halafu kuna Boeing 314, ile ndege kubwa ya kutua majini iliyovusha abiria baharini kuanzia 1939. Hii ni ndugu wa damu: bawa lake limetokana na bawa la XB-15, likarefushwa kidogo hadi mita 46.3. Ina uzito wa kilo 37,400 hivi, tani tano na ushei zaidi ya XB-15, lakini injini zake nne ni za Wright za nguvu farasi 1,500 kila moja. Gawa: kilo 6.2. Bawa lile lile, mzigo mzito zaidi, na ndege inafanya kazi ya biashara kila wiki bila kulalamikiwa kuwa mvivu. Anayebisha kwamba kosa halikuwa la bawa aanzie kwenye mfano huo.

Boeing hawakuchagua injini ndogo kwa ubahili. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa injini za Allison V-1710, za kupozwa kwa kimiminika, nyembamba, zenye kupunguza ukinzani wa hewa. Allison hiyo ilikuja kufaulu jaribio lake la saa 150 kwa nguvu farasi 1,000 mwezi Aprili 1937, miezi sita kabla ya XB-15 kuruka. Kwa ndege ambayo mabawa yake yameshaungwa, miezi sita ni kuchelewa kabisa. Huwezi kuacha mwili mzima unasubiri moyo. Wakachukua Twin Wasp kwa sababu ilikuwepo na ilikuwa ya kutegemewa. Kwa hali hiyo ningefanya vivyo hivyo. Ila mnunuzi hatumii visingizio vya kiwanda, anatumia ndege.

Na kwenye matumizi ndiko dalili zinakoonekana. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 322 kwa saa, yaani ule ule ulioombwa, lakini unaupata ukiwa chini ya mita 2,000 na injini zote zikiwa zimefunguliwa. Hiyo ni tofauti kubwa na kusafiri kwa mwendo huo. Mwendo wake wa safari ni kilomita 245. Modeli 299 ilikuwa imeshafika 380. Kimo cha mwisho ni mita 5,760. Boeing walipoifungia B-17 turbo mwaka 1938, ilipanda kupita mita 10,000. Tena Desemba 1937, wiki chache tu baada ya XB-15 kuruka, Waingereza walianza kupokea Hawker Hurricane, ndege ya kivita inayopita kilomita 500 kwa saa. Ndege yenye mabawa ya mita 45 inayojikokota kwa 245 mbele ya Hurricane, hiyo ni shabaha ya mazoezi.

Fikiria pia injini moja ikizimika mapema katika safari, matangi yakiwa bado yamejaa. Zinabaki nguvu farasi 2,550. Hesabu inaruka hadi kilo 12.6 kwa nguvu farasi moja, na hapo rubani anaanza kupiga jicho nyuma kuona kipi kitupwe kwanza.

Masafa nayo yanahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu namba inayotangazwa ni ya ndege iliyojaza mafuta bila mzigo wa maana: kilomita 8,256. Ukiweka mabomu ya kilo 1,100 hivi, masafa yanashuka hadi takriban kilomita 5,500. Kwa hiyo mteja aliyeomba tani moja kwa kilomita 8,000 alipata ama tani ama kilomita, si vyote viwili. Kwa haki, hakuna aliyekuwa nayo ndege ya kumpa vyote viwili wakati ule. Lakini ndicho alichokiagiza.

Chukua hiyo kilomita 8,256 uigawe kwa 245 za mwendo wa safari. Unapata saa 33 na dakika arobaini hivi. Ukiijua namba hiyo, mpangilio wote wa ndani ya ndege unauelewa bila kufundishwa. Watu kumi hawawezi kukaa macho saa 33 wakiwa wamejikunja kwenye viti vya bati, ndiyo maana kuna vitanda vya kulala kwa zamu, jiko na choo. Wengine huviandika hivyo kama anasa za kushangaza. Si anasa. Mpiga hesabu za njia aliyechoka anakosea digrii mbili, na digrii mbili kwa kilomita 1,000 ni kilomita 35 pembeni ya kisiwa ulichokuwa unakitafuta. Kuna pia kifaa cha kuishika ndege kwenye uelekeo wake ili rubani apumzike mikono, na mitambo ya kuondoa barafu kwenye mabawa.

Kinachonifurahisha mimi kuliko vyote ni njia ya ndani ya bawa. Bawa ni nene kiasi kwamba, ndege ikiwa angani, fundi anaingia ubavuni mwa kiwiliwili na kutambaa katikati ya vyuma vya bawa vilivyopangwa kama nguzo za daraja la reli, hadi nyuma ya injini. Hawezi kugusa silinda zenyewe, maana ziko mbele zikipigwa na upepo. Anachokifikia ni mgongo wa injini, kule mabomba na vifaa vinavyoendeshwa na injini vinakofungwa. Nati iliyolegea inakazwa, oili inayovuja inaonekana kabla tangi halijakauka. Anayejua injini za pistoni anajua kwamba hitilafu nyingi za safari ndefu huanza na vitu vidogo vya namna hiyo, na kwamba injini yenye silinda 14 iliyokosa oili haisamehe. Hasara yake ni kwamba bawa nene kiasi hicho linasukuma hewa nyingi, na hewa hiyo inalipiwa kwa mafuta na mwendo. Boeing waliuchukua mpango huo huo wakauweka kwenye 314, yenye nguvu ya kulipa gharama yake.

Umeme unastahili aya yake. Ndege nyingi za wakati ule zilitumia umeme wa volti chache wa mkondo mnyoofu, kama wa gari. XB-15 ilifungwa mfumo wa volti 110 wa mkondo geu, ukilishwa na jenereta mbili za petroli zenye injini zake ndogo, zisizotegemea injini kuu. Faida ya kwanza ni waya. Ukipandisha volti, kazi ile ile inafanywa kwa ampea chache, na ampea chache zinapita kwenye waya mwembamba. Katika ndege yenye mabawa ya mita 45, waya unakwenda mbali, na kila kilo ya shaba unayoiacha chini ni kilo ya petroli unayoipandisha. Faida ya pili: ndege ikiwa imeegeshwa kwenye uwanja usio na kitu, unawasha jenereta na unapata umeme bila kugusa injini kuu. Kasoro ni ile unayoitarajia: sasa una injini sita za kutunza badala ya nne, na mbili kati yake ziko ndani pamoja na watu.

Vipimo vilikuwa vingi mno kwa marubani wawili, kwa hiyo akawekwa fundi wa safari mwenye meza yake, anayesimamia mafuta, joto na mwendo wa injini. Ni uamuzi sahihi. Rubani anayetazama njia na wakati huo huo anasoma saa za injini nne, kuna kimoja atakiacha.

Magurudumu pia walifikiria. Kila mguu mkuu una magurudumu mawili sambamba badala ya moja kubwa. Uzito unagawanyika, uwanja wa udongo hauchimbiki haraka, na tairi moja ikipasuka la pili linabaki kushika ndege. Douglas, waliotengeneza jamaa mkubwa zaidi aitwaye XB-19, walikwenda kinyume: gurudumu moja kila upande, kipenyo cha karibu mita 2.4. Picha yake inapendeza, mtu amesimama pembeni na tairi limempita. Lakini tairi la hivyo ukilipasua uwanjani ugenini, utalipata duka gani?

Bunduki ni sita, tatu za milimita 7.62 na tatu za 12.7. Kwa 1937 si haba, kwa 1941 hazitoshi. Tusonge mbele.

Katika kazi, ndege hii ilikuwa bora kuliko makaratasi yake. Tetemeko lilipoipiga Chillán nchini Chile tarehe 24 Januari 1939, Meja Caleb V. Haynes na kikosi chake waliondoka Langley Field, Virginia, mwanzoni mwa Februari wakiwa na dawa na vifaa vya tiba vya Msalaba Mwekundu, kilo 1,474. Walitua Panama, wakatua Lima, wakafika Santiago. Angani walikaa saa 29 na dakika 53. Wakapewa tuzo ya Mackay, ile ya safari bora ya mwaka ya jeshi la anga, kwa safari hiyo. Ukitazama kwa jicho la mchukuzi, mzigo wenyewe ulikuwa tani moja na nusu tu kwa ndege yenye uwezo wa tani 15. Kilichokuwa kimejaa ni mafuta. Thamani ilikuwa kwamba dawa zilivuka karibu kilomita 8,000 kwa vituo viwili.

Kiangazi cha mwaka huo huo ikavunja rekodi mbili. Moja ni ya mwendo ukiwa na mzigo: kilo 2,000 za mzigo kwa kilomita 5,000, kwa wastani wa kilomita 267 kwa saa, ambazo ni saa 18 na dakika arobaini hivi. Nyingine ndiyo ya kuitazama mara mbili: zaidi ya tani 14 za mzigo zilipandishwa kupita mita 2,000. Jumlisha tani 14 na uzito wa ndege tupu, na ukitaka kubaki ndani ya kikomo cha vitabu unabakiwa na chini ya tani moja kwa ajili ya mafuta, oili na watu. Hiyo ni lumbesa. Haina matumizi ya safari, lakini inathibitisha kwamba bawa linabeba. Kilichoshindikana ni kulikimbiza.

Jeshi liliagiza mbili zilizoboreshwa mwaka 1938, kwa jina la Y1B-20, kisha agizo likafutwa kabla chuma hakijakatwa. Fedha zilikuwa chache, na kwa kila ndege moja ya ukubwa huu ungeweza kupata B-17 zaidi ya moja. Hapo siwalaumu.

XB-15 yenyewe ikabaki kama mtoto wa kambo wa kikosi. Aprili 1940 ilipelekwa Panama kudondosha mabomu ya kweli kwenye kinga za zege karibu na Miraflores, malango ya maji ya Mfereji wa Panama, ili kupima kama zingehimili. Mei 1943 ndipo mtu alipofanya jambo la maana: ikafunguliwa mlango wa mizigo, ikawekewa winchi ya kupakilia, na ikabadilishwa jina kuwa XC-105. Wenyewe walioiendesha wakaiita Grandpappy, yaani Babu. Kituo chake kikawa Panama, na kutokea huko ilibeba abiria zaidi ya 5,200, mizigo karibu tani 200, na barua tani 42 na ushei. Kwenye kazi hiyo, kilomita 245 kwa saa hazimkeri mtu. Hakuna Hurricane inayokufukuza, barua haziulizi kimo, na kiwiliwili kilichojengwa kwa ajili ya watu kulala kinameza makasha vizuri. Udhaifu mmoja ulibaki: ni ndege moja duniani. Injini za Twin Wasp zilikuwa zimejaa kila kona, lakini ukivunja kipande cha bawa au cha mguu hakuna ghala lenye kipuri, ni fundi kukaa na kukichonga. Ilistaafishwa Desemba 1944 na kukatwa vyuma chakavu Albrook Field mwaka 1945.

Nani basi angefaa kuinunua mwaka 1938? Mwenye viwanja virefu, safari ndefu juu ya maji, na mizigo isiyo na haraka. Aliyetaka kupiga mabomu angechukua B-17 na kukubali kuruka karibu zaidi. Aliyetaka vyote viwili ilimbidi asubiri B-29, ndege kubwa ya mabomu iliyofuata ya Boeing, ambayo kwa uzito wake kamili inasukuma karibu kilo 7 kwa nguvu farasi moja, tena injini zake zikiwa na turbo za kuzipa pumzi juu. XB-19 iliyoruka Juni 1941 haikujifunza somo hilo: ilirudia zile zile kilo 8, ikaishia mwendo wa kilomita 360, na yenyewe ikabaki moja.

Ukitaka kwenda kuishika XB-15 kwa mkono, haipo. Hata zile Boeing 314 kumi na mbili zilizorithi bawa lake hazipo, hakuna iliyobaki hata moja. Hata ya jamaa yake XB-19, kwenye makumbusho ya Marekani yamebaki matairi tu, yale ya mita 2.4. B-29 ilipokuja, kila mguu wake mkuu ulikuwa na magurudumu mawili.